Sifa za Triaki ya Mtaani Kwetu

Hapa mjini Baraka, Kongo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kila kilicholeta maendeleo kimepewa heshima yake. Bomba la maji lina bango lenye nembo ya shirika lililolileta. Shule ina jina la mfadhili ukutani, kwa rangi inayodumu kuliko paa lenyewe. Hata vyoo huzinduliwa kwa hotuba. Triaki peke yake, iliyotuhudumia kila jioni kwa uaminifu, haina bango, haina hotuba, na wengi wanaoishi chini ya mamlaka yake hawajui hata kuwa ipo. Naona ni haki isifiwe, tena hadharani, na mtu ambaye imempitia machoni, masikioni na kichwani.

Kwa asiyeifahamu: triaki ni kipande cheusi kisichozidi ukucha wa dole gumba, chenye mgongo wa bati na miguu 3. Ya kwetu imeandikwa BT136 kifuani. Kazi yake ni kupunguza umeme wa nyumbani: taa iwake kwa upole, feni izunguke taratibu, jiko lisipate moto kupita kiasi. Utaikuta ndani ya kitufe cha kuzungusha kinachowekwa ukutani kwa ajili ya taa za sebuleni, na ndani ya kidude cha kupangia mwendo wa feni. Utaikuta pia kwenye drili ya seremala, ile ambayo ukiibonyeza kidogo inakwenda kidogo, ukiibonyeza sana inakimbia.

Ilizaliwa Marekani, kwenye kampuni ya General Electric, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilitanguliwa na thairista, iliyotoka kampuni hiyohiyo mwaka 1957 na ambayo hupitisha umeme upande mmoja tu. Triaki inapitisha pande zote mbili. Kabla yao, mtu aliyetaka mwanga hafifu alitumia rezista kubwa iliyougeuza umeme kuwa joto na kumpikia chumba. Mwaka 1959, mjini New York, Joel Spira alibuni kipunguza-mwanga kilichoweza kuingia kwenye tundu la swichi ya kawaida, na mwaka 1961 akaanzisha kampuni ya Lutron kukiuza. Wateja wake walikuwa na tatizo ambalo sisi huku hatujawahi kulionja: nyumba yenye mwanga mwingi mno wakati wa chakula cha jioni. Imechukua muda, lakini dawa ya ugonjwa huo imetufikia. Ugonjwa wenyewe bado tunausubiri.

Umeme wa mitambo ya mto Ruzizi unafika Uvira. Kutoka Uvira hadi kwetu kuna ziwa, barabara na ahadi. Kwa hiyo umeme wa mtaa wetu ni jenereta ya jirani mmoja mwenye moyo wa kusaidia, ambaye giza likiingia huvuta kamba mara kadhaa, hutaja jina la Mungu, na nyaya zikaanza kazi zikitambaa juu ya mabati kwenda kwa waliolipa. Wapo wenye paneli za jua na batri zao, wanaokaa kimya ndani kwao wakiona kila kitu. Hao nawahurumia. Paneli haina mwenyewe wa kwenda kumgongea mlango usiku.

Jirani huyu simtaji jina, kwanza kwa sababu ni mtu mnyenyekevu, pili kwa sababu nyaya zangu zinatoka kwake. Esansi ilipopanda bei alipatwa na fikra nzito. Kupandisha malipo ya wateja kungeleta maneno. Kupunguza saa kungeleta maneno zaidi. Akaenda kwa fundi wa redio karibu na soko, na mazungumzo yao yalisikiwa na watoto waliokuwa wamekaa pale wakichaji simu.

"Mzee, nakuwekea kitu kidogo hapa mwanzo wa laini. Unazungusha, wao wanapungua."

"Watajua, kijana wangu?"

"Watajua taa zimezeeka."

Wakakubaliana bei bila kubishana sana, jambo ambalo pale sokoni ni dalili ya kazi njema.

Niliiona saketi hiyo kabla haijafungwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na nasema bila kusita kwamba ilikuwa nzuri kwa uchache wake. Triaki ya BT136. Diaki ya DB3, punje ya kioo ya buluu inayotosha kupotea kwenye mkunjo wa kiganja. Kapasita ya rangi ya matofali. Rezista moja ya kuzungusha, iliyotolewa kwenye redio ya marehemu fulani, bado ikiwa na alama ya sauti kutoka 0 hadi 10. Mgongoni mwa triaki fundi alikaza skrubu kipande cha alumini alichokikata kwenye mfuniko wa sufuria, ili joto lipate pa kwenda. Kwenye BT136 mgongo umeungana na mguu mmoja unaobeba umeme. Ndugu zake wenye jina linaloanza na BTA ndio wenye mgongo uliokingwa. Maana yake mfuniko wa sufuria nao ulikuwa na umeme. Hilo fundi aliligundua kwa kiganja, na majirani zake wanasema tangu siku ile hakosi ibada.

Mchoro wa saketi kama hiyo huwa na kitu kimoja zaidi: koili, waya wa shaba uliozungushwa kwenye kipande cheusi cha feraiti, wa kulainisha makali ya umeme unapokatwa. Fundi aliiulizia bei, akanyamaza kidogo, kisha akasema koili ni mapambo. Tuuweke moyoni uamuzi huu, maana karibu kila faida nitakayoieleza kuanzia hapa imetokana nao.

Kazi yenyewe triaki inaifanya hivi. Umeme wa jenereta huja kwa mawimbi, hertz 50, yaani nusu-mawimbi 100 kila sekunde, kila moja likiishi milisekunde 10 tu. Mwanzoni mwa kila nusu-wimbi triaki imefunga njia kama barieri ya barabara ya Uvira: simama, subiri. Wakati huo kapasita inajaa polepole kupitia ile rezista ya kuzungusha. Ikifika volti kama 32, diaki inafunguka, inaamsha geti la triaki, na umeme uliobaki wa nusu-wimbi lile unaruhusiwa kupita. Mkondo ukishuka hadi sifuri, triaki inajifunga yenyewe, na nusu-wimbi linalofuata linakuta kamba imeshavutwa. Mara 100 kwa sekunde, usiku mzima wa kazi, bila kusinzia na bila kudai karatasi za safari. Isubirishe milisekunde 5, na kwa taa ya kawaida ya waya nusu ya nguvu imebaki ng'ambo. Aliyewahi kusafiri na mzigo wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, kwenye barabara ile ataona mara moja jinsi barieri hii ilivyo bora kuliko zile: kwa anayepita haichukui hata franka moja. Anayechukua ni mwenye jenereta, naye anachukua kamili.

Sasa faida.

Ya kwanza ilionekana siku ileile, au tuseme ilisikika. Umeme unaokatwa ghafla namna ile hutawanya kelele kwenye masafa ya kati na masafa mafupi ya redio, na koili ndiyo ingeizuia. Nyaya zetu zimetandazwa juu ya mabati ya mtaa mzima, hivyo mtaa mzima ukawa mlingoti wa kurushia matangazo, na matangazo yenyewe yalikuwa neno moja refu: zzzzzz. Wapo wazee hapa waliozoea kusogeza sindano ya redio kila jioni kutafuta idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani, inayosikika tangu 1963, au nyingine za mbali. Wakimaliza habari walikuwa wakibishana: nani ameiuza nchi, nani anataka kuinunua, nani alikuwa dalali. Sauti zilipanda, mambo ya vita vya mwaka 1996 yakafukuliwa, mtu akanyanyuka na kiti chake akaenda zake. Triaki imeyamaliza hayo. Wazee sasa wanakaa pamoja wakisikiliza zzzzzz, na hakuna hata mmoja asiyekubaliana nayo. Mikutano mingi ya amani ya mkoa wetu imefanyika kwenye hoteli zenye viyoyozi na posho bila kufika hapo. FM, kwa bahati mbaya, haidhuriki sana, kwa hiyo muziki na matangazo ya misiba bado tunayapata.

Kisha kwaya. Kanisa lililo jirani limeungwa kwenye laini hiyohiyo, na spika zake zilianza kunguruma tangu jioni ya kwanza. Mwenye sikio atajua kuwa mngurumo wa hertz 100 unakaribia sana noti ya Sol ya chini, ambayo ni hertz 98. Mwalimu wa kwaya ana sikio. Kinanda chao kilikuwa kimeharibika, na kwa muda mrefu nyimbo zilianzia pale mama mmoja mwenye sauti kubwa alipopenda kuanzia. Sasa wanainua wimbo kutoka kwenye spika. Tatizo ni dogo tu: mtu akichomeka pasi mahali fulani mtaani, jenereta inalemewa, mizunguko inapungua, na Sol inateremka hadi Fa katikati ya ubeti. Kwaya inateremka nayo. Wageni waliotoka Kigoma walituuliza mtindo huu tumejifunza wapi.

Kwa kinyozi ilikuwa fahari. Mashine zile za bei nafuu za kunyolea hazina mota ya kuzunguka. Zina koili na sumaku inayotikisa wembe kwa kufuata mawimbi ya umeme. Zikipewa wimbi zima, zinanong'ona. Zikipewa wimbi lililokatwa kichwa, zinapiga makofi, wembe unagonga, unasimama, unaruka. Vijana walianza kutoka pale wakiwa na ngazi kisogoni, mistari ya kupanda kutoka sikio la kushoto hadi la kulia. Kinyozi hakuomba msamaha. Alichora mtindo huo kwenye ubao wa nje, akauwekea bei yake, juu ya ile ya zamani.

Taa za LED ndizo zilizoipokea triaki kwa hisia kuliko vifaa vyote. Taa ya zamani ya waya ilikuwa na hulka ya utulivu: waya ukishapata moto haupoi ndani ya milisekunde chache, kwa hiyo ukikatiwa umeme mara 100 kwa sekunde wenyewe unaona ni hafifu tu, hauchezi. LED haina akiba hiyo. Halafu triaki ikishafunguka inahitaji mkondo wa kutosha, miliampea kadhaa, ili ibaki wazi; taa moja ndogo ya wati 3 haiufikishi mkondo huo kwa uhakika, basi triaki inaachia kabla ya wakati, inashika tena, inaachia. Taa nazo zinacheza. Mimi nilikwenda kwa jirani kumweleza.

"Mzee, shikamoo. Taa zinacheza kule kwangu."

"Marahaba. Kwako kuna furaha, mwanangu. Kuna nyumba hazina hata taa ya kucheza."

Nilimshukuru, nikarudi. Binti yangu anajiandaa kwa mtihani wa taifa wa mwaka wa sita, na amejifunza kusoma mstari mmoja kwa kila kupepesa. Anasema fizikia inaingia vizuri zaidi ukurasa unapotoweka mara kwa mara, kwa sababu anapata nafasi ya kufikiri. Mwenye duka la taa pale njiapanda, ambaye zamani alikuwa akiuza taa moja kwa mwezi kwa nyumba moja, sasa anajenga.

Kuna tawi moja la laini ambalo fundi aliliongezea triaki yake ya pili, na safari hiyo akaamua kufuata kitabu: akaweka rezista ya omu 100 na kapasita ndogo sambamba nayo, ili isiamshwe ovyo. Kapasita hiyo hupitisha umeme kidogo sana hata triaki ikiwa imefunga. Kwa taa ya waya si kitu. Kwa LED inatosha kuijaza kidogo kidogo, mpaka inamweka mara moja, inazima, na baada ya sekunde chache inamweka tena. Mama mwenye nyumba aliona taa iliyozimwa ikimkonyeza usiku wa manane, akamwita mchungaji. Mchungaji aliomba kwa lugha tatu. Taa ikamkonyeza naye. Akashauri familia ifunge siku kadhaa, nao wakafunga, na gharama ya chakula ikapungua, faida ambayo naiandika kwenye hesabu ya triaki kwa kuwa hakuna mwingine wa kupewa.

Na hapa niseme jambo kwa wanaopenda kubadilisha taa wakiwa wamesimama juu ya meza yenye maji: triaki haitenganishi umeme na waya, inauzuia tu, na kuzuia kwake kunavuja. Kitufe kikiwa kwenye sifuri, umeme upo palepale kwenye soketi, umekaa. Swichi ya kweli, ile ya kukata kwa chuma, ndiyo inayokata. Tumelijua hili bila kuhudhuria semina yoyote.

Kwa upande wa esansi, ukweli usemwe: haikupungua kwa kiasi cha kumfanya mtu acheke. Jenereta ndogo hula sehemu kubwa ya mafuta yake kwa kujizungusha yenyewe tu, ibebe taa 10 au isibebe. Na taa za LED na chaja za simu, zikipewa wimbi lililokatwa, huramba umeme kwa mapigo makali ya ghafla, nyaya zikapata joto na kidhibiti-volti cha jenereta kikashindwa kujua kipime nini. Mashine ikawa inapanda na kushuka pumzi, vuuu, vuu, vuuu, usiku mzima. Dumu la jirani liliisha wakati uleule wa zamani. Lakini hakukata tamaa. Alisema faida nyingine hazipimwi kwa lita, na mimi, kama mnavyoona, nimekuja kukubaliana naye.

Wasionufaika kabisa ni wavuvi. Ukisimama ufukweni usiku usio na mbalamwezi utaziona taa zao zikiwa zimetandazwa kwenye ghuba hadi upande wa rasi ya Ubwari, nyeupe, tulivu, hazitikisiki, na ndakala wanazifuata bila shaka yoyote moyoni. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa; siku hizi wengi wana LED na batri. Umeme wa batri ni mnyoofu, hauna mawimbi, haushuki kwenye sifuri hata siku moja. Triaki ukiiweka pale itafunguka mara ya kwanza na haitafunga tena maisha yake yote, maana inachosubiri ili ifunge hakiji. Kwa hiyo samaki wa Ziwa Tanganyika wanapata mwanga bora kuliko watahiniwa wa Baraka. Samaki lakini hawajui kuinua wimbo kwa Sol.

Nimewahi kusikia pia matumizi mengine ya triaki, ya watu wasio na shukrani. Kwenye mitambo midogo ya umeme wa maji, turbini huzungushwa na maji yaleyale iwe taa zimewashwa au zimezimwa, basi watu wanapolala na kuzima taa mtambo unataka kukimbia. Triaki huwekwa pale kuupeleka umeme wa ziada kwenye hita, mizunguko ikabaki sawa na maji ya kuoga yakapata moto. Ni kazi nzuri, na milima inayopanda kwenda Fizi ina mito ya kutosha. Ila inadai kitu kinachoitwa ziada. Kuinua jambo la ziada kwenye kikao chetu kungeonekana majivuno.

Tena isidhaniwe kuwa sisi watu wa Fizi ni wageni kwenye mambo ya umeme. Tarehe 29 Juni 1965 wapiganaji wa maasi, pamoja na Wacuba waliokuja na Che Guevara aliyevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili, walishambulia ngome ya Bendera, penye kituo cha umeme wa maji cha mto Kimbi, kusini kwetu. Shambulio lilishindwa. Wacuba 4 walikufa, na karatasi zilizokutwa nao zikaifichua siri kwamba Wacuba wapo Kongo. Novemba Che akavuka ziwa kurudi. Kituo kikabaki, na umeme wake ukaenda Kalemie, kusini zaidi. Kaskazini kuna Ruzizi ya kwanza iliyoanza kazi 1958, na ya pili ya 1989, nazo zinaitazama Bukavu, Uvira na nchi jirani. Sisi tumekaa katikati, mitambo yote hiyo ikiwa imetupa kisogo, na tumebaki na uhuru kamili wa kuchagua umeme wetu. Tumechagua kopo la maziwa ya unga.

Jumamosi moja jioni, kabla ya Jumapili ya ubatizo, mtu alichomeka pasi ya wati 1000. Kwa volti 220 hiyo ni ampea 4 na nusu, na BT136 imeandikiwa ampea 4, tena ikiwa na mahali pazuri pa kupozea joto kuliko mfuniko wa sufuria. Harufu ilifika barabarani. Kopo lilitoa moshi mwembamba. Basi wote tukasubiri giza.

Giza halikuja. Triaki ikizidiwa na mkondo, mara nyingi haikatiki. Silikoni yake huungana ndani kwa ndani na ikageuka waya mtupu. Wimbi zima likapita, kutoka sifuri hadi kileleni na kurudi, na mtaa ukawaka. Mwanga huo sikuupenda. Niliona ufa wa ukuta wangu ambao ulikuwa umepevuka kwa siri. Niliona nywele za mke wangu zimeanza mvi, naye akaona kuwa nimeona. Redio ya mzee wa jirani ilikohoa, ikazungumza Kiswahili safi, na kabla taarifa ya habari haijaisha viti viwili vilikuwa vimeshaondoka barazani. Kanisani spika zilinyamaza kabisa, kwaya ikabaki imefungua midomo, kila mmoja akimtazama mwenzake atoe Sol. Kinyozi alipata mteja aliyetoka na kichwa laini, akagoma kulipa bei ya ubaoni.

Hali hii haiwezi kuendelea. Jirani mwenye jenereta amesema yuko tayari kuturudishia huduma iwapo wateja watachangia kifaa, na kikao kimekubali kwa sauti moja. Safari hii tunataka kitu cha kudumu: BTA41, ampea 40, mgongo wake umekingwa, haimuumi fundi. Michango inapokelewa dukani kwa muuza taa, ambaye amekuwa wa kwanza kutoa na ametoa kuliko sote. Anayekwenda Uvira, Bujumbura au Kigoma wiki hii tunamwomba atuletee moja. Koili asilete.